Kushusha Chuma Bila Kishindo

Twahiri Ramazani alipomwoa Mouna, tayari alikuwa na mazoea ya vyuma. Siku zile vyuma vilikuwa vya klabu, banda la mabati karibu kabisa na maji ya ziwa, mjini Kalemie, ambako wapakizi wa bandarini na watu wa reli walikutana baada ya kazi kunyanyua na kutaniana. Mwenye banda alikuwa Papa Adalbert, fundi wa zamani wa karakana ya reli. Sahani zote za uzito alizikata mwenyewe kutoka kwenye mabehewa yaliyokufa, akazitoboa katikati, akaziandika kilo kwa rangi nyeupe. Ile ya ishirini ilikuwa na ishirini na moja na ushee, kila mtu alijua, na hakuna aliyelalamika.

Kisha ziwa likapanda. Lilikula avenyu ya chini, likala bustani za watu, likaingia bandani na kukaa humo. Papa Adalbert alikufa mwezi uleule kwa ugonjwa wa moyo, kabla ya kuona bati la mwisho likielea. Baada ya maziko Twahiri aliingia majini hadi kifuani, siku tatu mfululizo, akizitafuta sahani na fimbo yao ya chuma kwa nyayo na kuzitoa moja moja. Alizipandisha kwa mkokoteni hadi kwenye nyumba aliyopanga upande wa mlimani, na Mouna alipomwuliza wataziweka wapi, akasema, "Chumba cha mbele. Viti tutaweka kwa veranda."

Nyumba yenyewe ilikuwa na milango miwili na wapangaji wawili. Ukuta uliowatenganisha ulikuwa wa matofali ya udongo na haukufika batini. Hakukuwa na dari. Mtu akikohoa upande mmoja, wa upande wa pili alimwambia pole. Kwa miaka miwili jirani alikuwa mzee kiziwi, na Twahiri aliangusha vyuma alivyotaka. Mzee alipohamia kwa watoto wake, wakaingia ndugu wawili kutoka mwambao wa kaskazini, Wabembe, watu wa kanisa: Élisée, mvuvi wa miaka hamsini hivi, na dada yake Yvette. Walifika na godoro moja, sufuria na furushi la nyavu. Vita ndiyo iliyowateremsha.

Siku ya tatu baada ya wao kuingia, saa kumi alasiri, Twahiri alinyanyua kilo tisini, akazisimamisha juu ya kichwa, akahesabu tatu, akaziachia. Sahani ziligonga sementi na bati zima likatetemeka. Kabla mtetemo haujaisha alisikia upande wa pili kitu kizito kikianguka, halafu sauti ya mwanaume, nyembamba mno, isiyofanana na sauti ya mwanaume.

Yvette alikuja mlangoni akiwa na unga wa muhogo mikononi.

"Papa Twahiri, nakuomba sana. Kile kitu chako kinalia kama bombe."

"Pole, mama. Ni chuma tu."

"Mimi najua ni chuma. Yeye hajui. Kuja uone."

Twahiri alimfuata. Élisée alikuwa chini ya kitanda, mwili mkubwa uliojikunja kama wa mtoto, viganja vimeziba masikio, na sakafu chini yake ilikuwa imelowa. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu. Twahiri aligeuka haraka, akatoka nje, akasimama kwenye jua. Alitamani asingekuwa ameona.

"Bombe ilianguka kwa nyumba yao," Yvette alimweleza pale nje, kwa sauti ya chini. "Yeye alikuwa ziwani. Aliporudi, bibi yake wa ndoa, Olga, alikuwa bado anapumua ndani ya jiko. Wakamutoa hai. Akaishi hadi jioni."

 Twahiri alisema tu kwamba chuma hakitalia tena.

Kusema ni rahisi. Chuma cha kilo tisini kikiwa juu ya kichwa hakina njia nyingi za kurudi chini. Papa Adalbert aliwafundisha wote jambo moja kabla ya yote, na aliwapiga makofi ya kisogo waliosahau: "Kikikushinda, kiachie. Sakafu haina mifupa, wewe unayo. Mukono ikifunguka mapema, unarudi kesho. Ikichelewa, unarudi kwa hospitali." Alikuwa na maneno mengine pia, ya kupasha mwili moto kwa fimbo tupu isiyo na sahani, ya kunyoosha mgongo, ya kutonyanyua kizito siku ambayo hukulala, lakini hilo la kuachia ndilo lililokuwa mama wa yote. Sasa Twahiri alilazimika kujifunza kinyume chake.

Alianza na mchanga. Alijaza magunia manne, akayalaza pande mbili pale sahani zinapotua. Juu ya magunia akaweka matairi ya lori yaliyokatwa na kufunuliwa. Kati ya sahani na sahani akatia vipande vya kamba ya mpira wa ndani ya gurudumu ili zisigongane, na mwisho wa fimbo akakaza kitambaa kwa waya. Kilio kikapungua, kikawa kishindo, na kishindo nacho kilitosha kumfanya Élisée ainuke na kutoka nje mbio, mbele ya watu, bila viatu. Basi Twahiri akapunguza uzito. Akawa anashusha polepole: kutoka juu hadi mabegani, magoti yakikunjwa kuupokea, kutoka mabegani hadi mapajani, kutoka mapajani hadi chini, akibana pumzi na kuiachia kwa pua. Kushusha hivyo kulimchosha kuliko kunyanyua. Viwiko vilimuuma usiku kucha, na asubuhi bandarini magunia ya saruji yalimngoja.

"Acha basi," Mouna alimwambia. "Una miaka makumi tatu na saba. Nani anakudai hivi vyuma?"

"Hakuna."

"Sasa?"

Twahiri akarudisha sahani ukutani. Siku nzima alibeba mizigo ya wengine na kwenda alikoelekezwa na kapita, msimamizi wao. Ile saa nzima ya vyuma baada ya kazi ilikuwa saa pekee ambayo uzito ulikuwa wake. Na kulikuwa na mashindano ya jimbo ya kunyanyua vyuma, ambayo hayakuwa yamefanyika tangu mafuriko, na sasa redio ilitangaza yatafanyika Manono baada ya Pasaka. Huko Manono kulikuwa na wachimbaji wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya mawe tangu utotoni. Mara ya mwisho mmoja wao, Chérubin, alimshinda Twahiri kwa kilo mbili na nusu. Papa Adalbert alikuwa amemwambia siku ile kwenye lori la kurudi, "Mwaka ujao." Mwaka ule haukuja.

Jioni moja Élisée mwenyewe alisimama mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza Twahiri kumwona akiwa wima na mtulivu. Alikuwa na furushi la nyavu begani.

"Naweza kuona?" aliuliza.

"Nini, papa?"

"Kile kinacholia. Nataka kukiona kwanza, mbele kilie."

Twahiri akampa kiti. Akanyanyua kilo hamsini tu, akazishusha polepole mno, na sahani zilipogusa tairi Élisée alifumba macho, akashika magoti yake mwenyewe kwa nguvu. Hakukimbia.

"Tena," alisema.

Siku hiyo walirudia mara nane. Siku iliyofuata Élisée alirudi na sindano ya kushonea nyavu. Alisema matairi ni makosa, mpira unarusha, na kinachorushwa kinalia mara mbili. Alikunja nyavu zake kuukuu tabaka kwa tabaka, akatia kati yake pumba za mpunga, akashona mikeka miwili minene kama magodoro. Alifanya kazi ile siku tano, ameketi sakafuni katikati ya vyuma, vidole vikienda vyenyewe, huku akisimulia habari za samaki na za pepo za ziwa, na hata siku moja habari za Olga, kwamba alikuwa akipika bukari, ule ugali wa muhogo, ngumu hata kijiko kinasimama. Twahiri alicheka. Élisée naye alicheka, kisha akarudi kwenye kushona.

Mikeka ile ilifanya kazi. Kilo mia zilitua kama mtu anayeketi. Yvette alisema kaka yake sasa analala usiku mara tatu kwa juma, kisha mara nne. Watu wa kanisa walisema ni maombi yao yaliyojibiwa, naye Twahiri, ambaye alisali msikitini, hakuona sababu ya kubishana nao. Élisée akazoea kuketi pale kila jioni na kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, shusha. Lakini uzito ukipita mia, Twahiri alimwomba atoke kidogo. Juu ya mia lazima uwe tayari kuachia, na mikeka haikuzuia kila kitu. Walipatana hivi: siku za uzito mkubwa Yvette atamchukua Élisée waende ufukweni au kanisani, na Twahiri atakuwa huru kutupa chuma apendavyo. Mambo yalikwenda hivyo majuma sita, na hakuna aliyeumia.

Majuma matatu kabla ya Manono mvua zilikuja na radi. Si radi za mbali. Zilipiga juu ya mlima usiku tatu mfululizo, na usiku tatu mfululizo Élisée hakulala. Twahiri alimsikia juu ya ukuta akiomba, akilia, akiita jina la mkewe. Naye hakulala. Jumamosi mchana mbingu ikatulia, na Yvette akapita mlangoni na beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani akienda sokoni.

"Amelala, Papa Twahiri. Sasa hivi tu. Leo sitamupeleka popote, nakuomba umuache alale."

"Nenda bila wasiwasi. Leo nitafanya ya pole."

Alisema kweli. Alianza na fimbo tupu, akapasha mabega, akafanya hamsini, akafanya sabini. Mouna alikuwa kwa dada yake. Mwili ulikuwa mzito kwa usingizi uliokosekana, lakini kwenye themanini ukafunguka, na kwenye tisini na tano akajisikia kama zamani bandani, miguu ikishika sakafu kama mizizi. Alipaswa kuishia hapo. Alijua. Alisimama dakika nzima akizitazama sahani zilizobaki ukutani, na akajiambia kwamba juma lijalo mvua inaweza kurudi, na Yvette anaweza kukosa nafasi tena, na Manono haitamngoja. Akaongeza. Kilo mia moja na kumi na tano.

Zilipanda hadi mabegani vizuri. Alipumua. Akakunja magoti kidogo, akasukuma, akaingia chini yake, na mikono ikanyooka. Kwa muda wa kufumba na kufumbua vilikuwa vyake, vimetulia pale juu. Kisha akahisi fimbo ikisogea nyuma, kidogo tu, upana wa kidole, halafu upana wa kiganja.

Mikono ilijua la kufanya. Vidole vilianza kufunguka. Na wakati uleule upande wa pili wa ukuta kitanda kikalia kidogo, kama mtu anayejigeuza, na Twahiri akaona ile sakafu iliyolowa na yale macho. Akafunga vidole.

Bega la kulia lilitoka mahali pake. Alilisikia ndani kuliko masikioni, kitu kama kitambaa kinachopasuliwa polepole. Hakuachia. Alizungusha mwili, akaupokea uzito wote kwa mgongo na mkono wa kushoto, akashuka nao kwa goti moja, kisha la pili, akaulaza juu ya mikeka ya Élisée. Sahani hazikutoa hata mlio. Naye akalala kando yake, akavuta taulo kwa meno, akaiuma.

Mouna alimkuta hapo baada ya saa nzima, uso umekuwa rangi ya majivu, taulo bado mdomoni.

"Usipige kelele," alimwambia. "Jirani amelala."

Hospitalini walirudisha bega mahali pake, lakini daktari aliyetazama picha alisema kamba zinazoshika mkono zimekatika, si moja wala mbili, na upasuaji wa namna ile haufanyiki hapa. Labda Lubumbashi, labda ng'ambo. Twahiri na Mouna walitazamana. Hata nauli hawakuwa nayo. Mwanamke wa mazoezi ya viungo, Mama Emilie, alimfundisha kuubembeza mkono kama kamba, kisha kuupandisha ukutani kwa vidole, siku hata siku. Miezi miwili baadaye ulifika usawa wa kifua na kukwama. Kapita wa bandarini alimwambia, "Ukipona urudi," na baada ya muda akaacha kumwambia hata hilo. Mashindano yalipita. Twahiri hakuuliza nani alishinda.

Alimkataza Mouna kusema jinsi ilivyotokea. Kwa jirani walisema ameteleza kazini. Élisée akaamini, na aliporudi kuvua kwa mara ya kwanza tangu vita, maana sasa alilala na aliweza kuvumilia ngurumo ya mashine ya mtumbwi, akawa anamletea Mouna samaki kila asubuhi. Mikebuka minono, imefungwa kwa jani. Mouna aliipokea siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya kumi. Siku ya kumi na moja aliiweka chini mbele ya mlango wa Élisée, mikono kiunoni.

"Papa Élisée, wewe unaenda ziwani, bwana yangu anashinda ndani. Unajua sababu?"

"Mouna!" Twahiri aliita kutoka chumbani.

"Hakuteleza popote. Alishika kile chuma juu ya kichwa ili wewe usiamuke. Angekiachia angekuwa muzima."

 Élisée akampita Mouna, akaingia chumba cha vyuma, akakaa kwenye kiti chake cha kuhesabia. Vyuma vilikuwa bado vimelala juu ya mikeka, vimeanza kushika kutu.

"Ni kweli?"

"Ulikuwa umelala," Twahiri alisema. "Siku tatu hukulala."

Élisée alitazama mikono yake.

"Sikuwa nalala. Nilikuwa macho. Nilisikia miguu yako, nikajua leo ni kizito, maana ulikuwa unapumua vile. Nikajiambia, leo kikianguka nitabaki kwa kitanda. Nilishika ubao kwa mikono miwili. Nilikuwa tayari, ndugu yangu. Mara ya kwanza nilikuwa tayari." Akafungua viganja. "Na hakikuanguka. Nikangoja, nikangoja. Nikamushukuru Mungu."

 Twahiri alimwona kichwani mwake yule mtu amelala kitandani akishukuru, na yeye mwenyewe upande huu akiuma taulo, na kati yao ukuta wa udongo usiofika batini. Angesema neno lolote lingekuwa baya.

"Nenda nyumbani, papa," alisema. "Na samaki usilete tena."

Walikaa hivyo sehemu kubwa ya kiangazi, wakipishana uani kwa salamu fupi. Usiku Twahiri alisikia kwamba Élisée amerudia kutolala, safari hii bila radi na bila sauti; kitanda tu kikilia, kikilia. Alilala akikisikiliza. Siku moja alimwambia Mouna gizani, bila kuulizwa, "Siku ile haikuwa ya kunyanyua. Usingizi sikuwa nao, na kuachia sikuweza. Nilijua vyote viwili nikaongeza sahani." Mouna alimwekea mkono juu ya kifua, upande usiouma. Alisema, "Mwambie yeye." Twahiri alisema atamwambia. Hakumwambia.

Mwezi wa nane Yvette alipata habari kwamba kijijini kwao watu wameanza kurudi na kupanda muhogo. Kama kuna amani au hakuna, alisema, hajui. Lakini kaka yake ameamua, na akiamua imekwisha. Siku ya kuondoka Twahiri alishuka nao hadi kwenye boti. Aliinama achukue godoro, mkono wa kulia ukamkatalia, akabaki ameinama hivyo. Élisée akalichukua bila neno, akalitia begani. Twahiri akabeba sufuria kwa mkono wa kushoto.

Pale majini, watu wakipanda na mashine ikijaribiwa, alimshika Élisée mkono wa shati.

"Si wewe," alisema. "Sikia vizuri. Njo mimi, kosa ni langu. Sikupaswa kunyanyua siku ile. Hata kama ungekuwa mbali, sikupaswa."

Élisée alimtazama kana kwamba anapima kama hayo yanasemwa kwa kweli au kwa huruma.

"Ungekuwa umekiachia," alisema mwishowe, "ningebaki kwa kitanda. Mimi naamini ningebaki. Hatutajua tena, mimi na wewe."

Yvette alimwita. Alipanda, akakaa juu ya godoro, mgongo ukielekea Kalemie, na boti likatoka.

Vyuma aliwapa vijana wa bandarini. Walikuja sita, wakavipakia kwenye mkokoteni bila kuona shida. Mikeka ya nyavu hawakuihitaji, maana wao walikuwa na uwanja wazi, na Mouna akaigeuza malazi ya kuku. Upande wa pili wakaingia watu wengine wenye redio kubwa. Twahiri alipata kazi ya kulinda lango la ghala moja, kazi ya kukaa, na alijifunza kufungua komeo kwa kushoto.

Kuelekea Noeli mfanyabiashara mmoja wa Kibembe alifika pale langoni na simu yake, akasema ana ujumbe wa sauti kwa Papa Twahiri. Ilikuwa sauti ya Yvette. Alisema wamefika, wamejenga upya jiko, samaki wapo. Alisema Élisée anasalimu sana, anauliza habari za bega. Kisha nyuma yake ikasikika milio miwili ya bombe za mbali, halafu wa tatu, na Yvette akasema haraka, "Ni huku tu, tumezoea," na ujumbe ukaisha.

Twahiri aliomba ausikilize tena. Mfanyabiashara akamchezea mara ya pili, kisha akasema ana haraka. Twahiri akamwambia awajibu kwamba bega linaendelea vizuri. Akafungua lango kwa mkono wa kushoto, lori likaingia.